Nazi Moja, Watu Wawili: Hatua za Kuandika Tamthilia Fupi Kuhusu Wanandoa

Tamthilia ninayoizungumzia hapa ni ile ya dakika kumi hadi kumi na tano, yenye wahusika wawili, chumba kimoja na muda usiokatika, ambayo kundi dogo la waigizaji linaweza kuiweka katika ukumbi wa shule au wa mtaa hapa Mombasa bila kukodi chochote zaidi ya viti. Nimeandika na kuelekeza tamthilia za aina hii kwa miaka kadhaa, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi katika miswada ninayoletewa ni moja: mume na mke huingia jukwaani na kuambiana, kwa ufasaha mkubwa, kile hasa kinachowasumbua. Watu waliolala kitanda kimoja miaka tisa hawazungumzi hivyo. Hugombana juu ya chumvi, juu ya taa iliyoachwa ikiwaka, juu ya nani aliyempa jirani sufuria, na jambo lenyewe hubaki chini ya maneno hayo kama mwamba wakati maji yamejaa. Hatua zote zinazofuata ni za kuliweka jambo kubwa chini na jambo dogo juu.

Hatua ya kwanza: Chagua jambo ambalo hawawezi kulitaja

Andika sentensi moja kwenye karatasi: nani ameamua nini, na mwenzake anajua kiasi gani. Mfano nitakaoutumia hadi mwisho ni huu: Zuhura amepata mkataba wa kazi ya nyumbani Saudia na hajamwambia mumewe; Athman ameiona pasipoti kabatini na hajamwambia mkewe kwamba ameiona. Katika mitaa yetu mingi ya Pwani kuna nyumba ambayo mama au dada yuko Ghuba, kwa hiyo hadhira haihitaji kufafanuliwa kitu. Angalia kwamba hakuna mkosa wala mkosewa. Zuhura ana sababu, Athman ana sababu, na kila mmoja anamficha mwenzake jambo lilelile.

Ningekushauri uepuke fumanizi. Huvutia kelele ukumbini, lakini mlango ukishafunguliwa na mtu akishaonekana, tamthilia imekwisha na dakika saba zilizobaki huwa ni za matusi.

Hatua ya pili: Wape kazi ya mikono

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote pengine, kwa sababu mikono ikipata kazi iliyo sahihi, nusu ya mazungumzo hujiandika. Kazi unayoitafuta iwe na mambo matatu: iwe na mwanzo na mwisho unaoonekana, iwe na sauti, na iwe inamhitaji mwenzake. Kuosha vyombo kunakidhi mambo mawili ya kwanza tu. Kukunja nguo kunakosa sauti. Baada ya kujaribu vitu vingi nimerudi mara kwa mara kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kile kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno.

Tazama kinachotokea ukimweka Athman juu yake badala ya Zuhura. Hadhira ya Mombasa itacheka mara moja, kwa kuwa ni wanaume wachache hapa wanaoonekana wamekalia mbuzi, na kicheko hicho ni mlango mzuri sana wa kuingilia. Baada ya dakika mbili kicheko kinakatika chenyewe, kwa sababu mwanamume yule haachi. Anauliza tui lipi ni zito. Anauliza kifumbu cha kuchujia tui huwekwa wapi. Anataka kujua kama chicha hukamuliwa mara mbili au mara tatu. Mtu wa safu ya tatu anaanza kuelewa kwamba huyu anajifunza kupika wali kwa sababu hivi karibuni hakutakuwa na wa kumpikia yeye na mtoto, na anaelewa bila neno lolote la safari kutamkwa.

Pima kazi hiyo nyumbani ukiwa na saa mkononi, tena kwa mkono wa mwigizaji mwenyewe. Nazi ikimalizika kabla ya mazungumzo, mwigizaji ataanza kukuna kifuu kitupu. Ikibaki nyingi, mtu ataifuatilia nazi badala ya watu. Mimi hutumia kipande kimoja tu, kilichokwisha kukunwa kiasi kabla ya taa kuwaka.

Hatua ya tatu: Weka saa ndani ya chumba

Lazima kuwe na sababu ya jambo hili kusemwa sasa au kutosemwa kabisa. Katika mfano wetu, binti yao Salma yuko chuoni akisoma Kurani na atarudi karibu na magharibi. Jua la Mombasa, mji ulio kusini kidogo tu mwa ikweta, huzama kwa saa ileile karibu mwaka mzima, hivyo mwanga wa dirishani ukianza kuwa mwekundu kila mtu ukumbini anajua ni saa ngapi. Hawa wawili wana dakika kumi za kuwa peke yao.

Hakikisha saa yako ni ya kweli. Nimesoma miswada isiyopungua mitatu ambamo mpenzi anakimbilia "feri ya mwisho" ya Likoni, ilhali feri hiyo huvusha watu usiku na mchana. Mtazamaji anayevuka kila siku kwenda kazini hatakuamini tena baada ya hapo, hata ukisema kweli.

Hatua ya nne: Andika toleo baya, kisha ulizike

Usijaribu kuandika kwa mafumbo tangu mwanzo. Andika kwanza mazungumzo ya wazi kabisa, ili ujue kinachozikwa:

ZUHURA: Nimepata kazi Saudia. Naondoka wiki ijayo.
ATHMAN: Mbona hukunambia? Waniacha na mtoto?
ZUHURA: Nafanya kwa ajili yetu sote.

Hakuna uongo katika mistari hii, na hakuna uhai. Sasa ifute na uandike upya ukiwa na sharti moja: maneno "kazi", "Saudia" na "kuondoka" hayaruhusiwi.

(Athman amekalia mbuzi. Kifuu chamteleza mkononi.)
ZUHURA: Inuka hapo, Baba Salma, nikukunie.
ATHMAN: La. We nambie tu. Tui la kwanza ndilo zito?
ZUHURA: Ndilo. Lakini wali waanza kwa jepesi.
ATHMAN: Na zito?
ZUHURA: Mwisho, maji yakikaribia kukauka.
(Athman akuna.)
ATHMAN: Salma hapendi wali wa majimaji.
ZUHURA: Tangu lini wewe wajua Salma apenda nini?
ATHMAN: Nitajua.

Neno linalofanya kazi hapo ni la mwisho. Lingekuwa "najua", tungekuwa na mume anayejitetea. Kwa kuwa ni "nitajua", Zuhura anatambua papo hapo kwamba pasipoti imeonekana. Katika mazoezi humwomba mwigizaji wa Zuhura asifanye chochote usoni. Anachofanya ni kuuweka chini ungo wa mchele aliokuwa akiuchagua, polepole, kana kwamba umekuwa mzito.

Msomaji wa Mombasa hatakiwi kuogopa kwamba hadhira haitaelewa. Huu ni mji wa Muyaka bin Haji, mji ambao mwanzoni mwa karne ya 19 ulikuwa tayari umezoea washairi kujibizana kwa mafumbo na wasikilizaji kuyafumbua barazani. Mtu anayeweza kusikia fumbo la shangazi yake harusini hawezi kushindwa na nazi.

Hatua ya tano: Sikiliza wanavyoitana

Maelekezo ya jukwaani yaandike kwa Kiswahili sanifu ili mwelekezi yeyote ayasome, lakini midomo ya wahusika iachie Kimvita, lahaja ya Mombasa: "wataka" badala ya "unataka", "waenda wapi" badala ya "unaenda wapi". Jambo lililo muhimu zaidi ni majina. Zuhura humwita mumewe Baba Salma, naye humwita Mama Salma, na huo ndio utaratibu wa nyumba. Siku mmoja wao anapomwita mwenzake kwa jina lake halisi, hilo ni tukio kubwa jukwaani, kubwa kuliko ukelele. Litumie mara moja tu. Katika toleo langu Athman anasema "Zuhura" kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, na hakuna alichoongeza baada yake.

Hatua ya sita: Andika kimya

Kimya kisipoandikwa, waigizaji hukiruka, hasa wageni, ambao huhisi ukumbi ukiwa kimya ni kwamba wao wamesahau maneno. Andika "Kukuna kwakoma" kwenye mstari wake pekee. Sauti ya mbuzi ikishazoeleka masikioni kwa dakika nne, kukoma kwake husikika kuliko mlango uliobamizwa.

Kimya kinaweza hata kubeba tamthilia nzima. Mswidi August Strindberg ana tamthilia fupi iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1889, ambamo wanawake wawili wamekutana mkahawani. Mmoja huzungumza mwanzo hadi mwisho na mwenzake hatamki neno, ilhali mume wa yule anayezungumza yuko katikati yao bila kuwapo. Zoezi zuri ni kuchukua mswada wako na kumnyang'anya mhusika mmoja maneno yote kwa kurasa mbili, uone anachokipata badala yake.

Hatua ya saba: Mguso

Kumbi zetu zina wazee, watoto na walimu wa madrasa kwenye viti vilevile, na mara nyingi waigizaji wawili si mume na mke. Siweki busu jukwaani wala kukumbatiana, na sijawahi kuona kwamba nimepoteza kitu. Zuhura akichukua ncha ya leso yake na kuipangusa nazi iliyomrukia Athman kwenye ndevu, bila ya kidole kugusa ngozi, ukumbi hutulia kwa namna ambayo busu lisingeweza. Kofi nalo silitumii.

Hatua ya nane: Mwisho

Mwisho wangu wa kwanza ulikuwa wa leso. Kama ujuavyo, leso huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, na ndivyo nilivyomfanya Zuhura aikate doti mpya katikati na kumwachia Athman kipande kimoja. Nilijivunia sana. Usiku wa kwanza akina mama wa safu ya mbele walilisoma jina la leso kwa sauti kabla Zuhura hajafungua mdomo, wakalijadili, na mkasi ulipotoka watu walikuwa wameshapiga makofi. Nilijifunza kwamba hapa leso huwa ni mhusika wa tatu mwenye maneno yake, na kama hutaki asemee tamthilia yako, ikunje jina likae ndani.

Mwisho nilioubakiza ni mdogo zaidi. Salma anabisha hodi nje. Athman anainuka kwenye mbuzi, Zuhura anaketi mahali pake, naye anaendelea kukuna pale alipoachia. Taa zinazimwa sauti ikiendelea. Usimwoneshe mtoto, na usimpe yeyote hotuba. Ukijikuta umeandika mistari zaidi ya mitatu baada ya hodi, irudie hatua ya nne.

Hatua ya tisa: Kusoma, kupima na ukumbi

Chapa mswada kwa nafasi ya kawaida, majina ya wahusika kwa herufi kubwa na maelekezo katika mabano. Ukurasa mmoja huwa takriban dakika moja jukwaani, lakini tamthilia yenye vimya vingi huzidi, kwa hiyo isome kwa sauti na wawili wengine ukiwa na saa. Mimi hufuta robo ya maneno baada ya usomaji wa kwanza, na karibu kila mara ni ya yule mhusika niliyempenda zaidi.

Kisha nenda ukaone ukumbi wenyewe, ukae kwenye kiti cha nyuma kabisa. Nililipuuza hili mara moja na nikalipa. Sakafu ilikuwa tambarare, Athman alikaa chini kwenye mbuzi, na kuanzia safu ya nne hakuna aliyemwona. Watu walisimama, walio nyuma yao wakalalamika, na mazungumzo yote ya tui yakapotea. Tangu siku hiyo mbuzi huwekwa juu ya meza mbili pana za darasani zilizofungwa pamoja kwa kamba na kufunikwa mkeka. Ulimi wake pia husuguliwa kwa tupa mpaka uwe butu kidogo, kwani mwigizaji mmoja aliwahi kujikata kidole gumba katikati ya onyesho akaendelea kukuna, na nazi ile haikuweza kutazamwa.

Nazi zenyewe nunua mbili, asubuhi ya siku ya onyesho. Katika soko la Kongowea utazipata kwa urahisi. Zitikise sikioni moja moja. Ile isiyosikika maji ndani yake irudishe, kwa maana huenda imeoza, na harufu yake itafika safu ya kwanza kabla ya neno la kwanza.