Picha ya usiku ina ukungu? Anza na taa za kamera

Wenye kamera za ulinzi kando ya ziwa hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igombe: picha ya usiku ikijaa weupe, msikimbilie kununua kamera mpya. Mara nyingi shida ni zile taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho, ila kamera inauona) zinazozunguka lenzi. Mwanga wake ukigonga utando wa buibui au wale wadudu wa ziwani, unarudi palepale kwenye lenzi. Kamera inadhani mwanga umetosha, inapunguza mwanga inaoupokea, na mtu aliyesimama getini anabaki kivuli. Kufuta utando kunasaidia siku chache tu; buibui hahami penye chakula.

Ingia kwenye mipangilio, zima infraredi ya kamera, kisha funga taa ya infraredi ya kujitegemea mita moja au mbili pembeni, ikimulika unakotaka kuona. Kama bili ya umeme haikutishi, mimi ningeweka taa ya kawaida ya LED: unapata rangi, shati jekundu linaonekana jekundu. Wadudu watajaa, ila watajaa kule kwenye taa.

Na spidi ya shata, yaani kasi ya kamera kunasa kila picha, usiishushe chini ya 1/25 ya sekunde. Ukiishusha picha itang'aa, sawa, lakini mtu akitembea sura yake inafutika.