Somo: Kumchagulia zawadi mtoto anayependa farasi

Kila mwaka shule zikikaribia kufungwa, wazazi hunifuata bandani na swali moja: "Saisi, mtoto huyu tumnunulie nini?" Nimetunza farasi miaka 11 sasa, upande wa Karen hapa Nairobi. Nimeona zawadi zilizokumbatiwa mpaka zikachakaa, na nyingine zilizopandishwa juu ya kabati siku ileile. Ya namna hiyo nilishainunua hata mimi. Binti yangu alipotimiza miaka 6 nilimletea farasi wa plastiki mwenye singa za waridi. Alimpindua, akamtazama chini ya miguu, akasema, "Baba, hizi ni kwato za ng'ombe." Kweli, zilikuwa zimepasuka katikati, na kwato ya farasi ni moja nzima. Hakulia. Lakini farasi yule hakupewa jina mpaka leo.

Mtoto anayempenda farasi anamjua. Ukimletea kitu chochote kilichobandikwa picha ya farasi, atagundua kwamba wewe humjui.

Hatua ya 1: Msikilize kabla hujatoa pesa

Mpe siku mbili tatu, kisha muulize: "Ungekuwa na farasi wako, kesho asubuhi ungeanza kufanya nini?" Jibu lake litakuonyesha duka la kwenda. Atakayesema "nitampanda" anapenda mwendo, na huyu ndiye anayeruka vigoda sebuleni. Atakayesema "nitampa maji, nitamchana" anapenda kutunza. Yuko pia wa tatu, ambaye atakutajia rangi ya farasi, baka la kwenye paji la uso na jina la mama yake. Huyu anapenda kumjua farasi kiungo kwa kiungo, naye ndiye mgumu kuliko wote kumnunulia, kwa sababu kosa dogo analiona.

Hatua ya 2: Umri

Chini ya miaka 3, chukua farasi wa kitambaa mwenye macho ya kushonwa kwa uzi. Macho ya vifungo hung'oka yakaishia mdomoni. Chukua bomba la ndani la karatasi ya chooni: kipande chochote kinachopenya humo ni kidogo mno kwa mtoto wa umri huo. Wakubwa zaidi, endelea na hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Mkague farasi wa dukani kama unayenunua farasi mzima

Usimnunue akiwa ndani ya boksi kama muuzaji anakuruhusu kufungua. Mweke mezani kwanza uone kama anasimama mwenyewe. Kisha piga meza kidogo kwa ngumi. Akianguka sasa, ataanguka kila siku, na masikio na miguu ndivyo huvunjika kwanza.

Tazama miguu. Ya mbele ina goti linalopinda kama la kwako. Ya nyuma ina kiungo kilichochongoka kuelekea mkiani. Wachongaji wa vitu vya bei rahisi huipa miguu yote minne umbo moja, na farasi anabaki kama meza. Pindua uone kwato. Tazama masikio pia: yaliyosimama na kuelekea mbele ni ya farasi anayesikiliza, yaliyolala nyuma ni ya farasi mwenye hasira. Binti yangu humchagua farasi kwa masikio tu.

Halafu rangi. Lowesha kitambaa cheupe maji kidogo, sugua tumboni mahali pasipoonekana. Kikitoka na rangi, mrudishe. Kama singa ni za nyuzi, vuta taratibu uone kama zimeshonwa au zimegundishwa tu. Mtoto wa kutunza atazichana kila jioni, na za gundi hazimalizi mwezi.

La mwisho ni kipimo, na hapa wengi hupoteza pesa. Kampuni ya Breyer ya Marekani hutengeneza farasi wake wakubwa kwa kipimo cha 1:9, yaani mara tisa ndogo kuliko farasi halisi, na wadogo kwa 1:32. Schleich wa Ujerumani wana kipimo chao kingine. Ukinunua farasi wa huku na tandiko la kule, tandiko litamfunika farasi mpaka shingoni. Kabla ya kununua cha nyongeza, mpime farasi aliye naye kwa rula, au nenda naye dukani mfukoni.

Hatua ya 4: Kama anapanda farasi, anza na kichwa

Mtoto aliyeanza kufunzwa kupanda, zawadi bora ni helmeti yake mwenyewe. Shule nyingi huazimisha, ila ile ya kuazima imevaliwa na vichwa hamsini na haimkai vizuri yeyote.

Chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe kichwani kama vidole viwili juu ya nyusi, ukipita pale nyuma panapotokeza zaidi. Andika sentimita. Helmeti ikae sawa, isilale nyuma kama kofia ya sherehe. Kabla ya kufunga mkanda, mwambie atikise kichwa: ngozi ya paji la uso isogee pamoja na helmeti. Ikicheza peke yake ni kubwa. Tafadhali usimnunulie kubwa "ili akue nayo." Viatu vya shule tunafanya hivyo, kichwa hakifanyiwi hivyo.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo karatasi ya maelezo haisemi. Ukimpima akiwa amesukwa rasta nene, halafu Januari anyolewe kwa ajili ya shule, helmeti itamtoka. Ukimpima amenyoa kisha asukwe na shanga, haitaingia, na zile shanga zitamkandamiza fuvu. Mpime kwa mtindo wa nywele atakaopandia, mistari ya chini ya kulala, bila shanga wala fundo kisogoni.

Tafuta ndani yake lebo yenye alama ya upimaji, kwa mfano ASTM F1163, PAS 015 au EN 1384. Helmeti ya baiskeli haifai badala yake. Imepimwa kwa maanguko ya namna nyingine, na kwa kawaida haishuki vya kutosha nyuma ya kichwa.

Viatu si lazima viwe vya wapanda farasi. Kiatu cha ngozi kinachofunika kifundo, chenye soli isiyo na meno makubwa na kisigino cha kama sentimita 2.5, kinatosha. Kisigino hicho kina kazi: kinauzuia mguu usipenye kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia. Mtoto akianguka mguu umenasa kwenye kikuku, farasi akishtuka, atamburura. Kwa hiyo raba za kawaida hapana, hata zikiwa nzuri namna gani.

Hatua ya 5: Fikiria saa moja bandani

Kama kuna mabanda karibu nawe, piga simu uulize kama wanapokea mtoto kwa saa moja ya kutunza farasi, bila kumpanda. Wazazi hudhani nusu saa mgongoni ndiyo tamu zaidi. Nimeona kinyume chake mara nyingi. Mgongoni mtoto huwa na woga na anashikiliwa. Chini, akiwa na brashi mkononi, farasi anamgeukia.

Mfundishe mapema: farasi ana macho pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, ila haoni mbele kabisa ya paji la uso wake wala nyuma ya mkia wake. Basi mtoto asimjie kwa nyuma. Amkaribie upande wa bega, akizungumza. Akimlisha, kiganja kiwe kimenyooka na kidole gumba kimebanwa pembeni. Karoti ikatwe vipande virefu, isikatwe vya mviringo, kwani vya mviringo vinaweza kumkaba. Na msibebe mabaki ya nyumbani: parachichi, vitunguu na chokoleti ni sumu kwa farasi.

Zawadi ndogo inayokwenda na saa hiyo ni vifaa vyake mwenyewe: kitana cha mpira cha kusugulia kwa duara, brashi moja ngumu, moja laini, na kile chuma kilichopinda cha kuchokolea uchafu kwenye kwato. Watoto wakipewa chuma hicho huinuka vichwa. Ni kifaa cha kazi.

Hatua ya 6: Kukabidhi

Andika barua kana kwamba imetoka kwa farasi, uifunge na utepe kama hatamu. Wa miaka 10 na kuendelea, mwandikie kama wewe mwenyewe, kwa uwazi, sababu ya kuchagua zawadi hiyo.

MASWALI YA WASOMAJI

Mama wa Mwanza: Huku kwetu farasi sijawahi kuona hata mmoja. Binti yangu amewaona kwenye televisheni tu. Nifanyeje?

Mama, usimwone binti yako kama anapenda kitu kisichomhusu. Farasi ni wachache sehemu kubwa ya Afrika Mashariki kwa sababu ya maradhi. Mbung'o humletea nagana, na usubi humletea ugonjwa mwingine unaoua farasi wengi. Lakini jamaa wa farasi wamejaa kwenu. Punda milia ni wa ukoo uleule, na Serengeti haiko mbali. Mnunulie darubini ndogo na daftari la kuchora, na siku mkipata safari awatazame wanavyosimama wawiliwawili, kila mmoja kaegemeza kichwa mgongoni mwa mwenzake. Punda wa kawaida naye anafaa kabisa kwa kujifunza kuchana na kuchokoa kwato, mwenyewe akikubali na mtu mzima akiwepo.

Kaka wa Muscat: Mpwa wangu anajifunza kupanda farasi huku Omani. Nimepata helmeti iliyotumika, safi kabisa, nusu bei. Niichukue?

Hapana, kaka. Sehemu ya ndani inayopokea kishindo huumia mara moja tu na haijirudii, na kwa nje huwezi kuona chochote. Muuzaji anaweza kuwa mwaminifu na asijue kama iliwahi kuanguka sakafuni. Hata mpya, ikishapata pigo la nguvu ibadilishe, na bila pigo wengi hubadilisha baada ya kama miaka 5. Na kwa joto la Omani, mwambie asiiache ndani ya gari. Kama bei ni kikwazo, kusanyeni ndugu watatu mnunue moja mpya. Tandiko, fulana na brashi vilivyotumika ni sawa.

Baba wa Nakuru: Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Jamaa wananiambia farasi ni mambo ya wasichana. Nimnunulie gari?

Ndugu yangu, njoo siku ya mashindano pale Ngong Racecourse utazame wanaopanda na wanaoongoza farasi. Wengi ni wanaume. Jeshi la Polisi la Tanzania lina Kikosi cha Mbwa na Farasi. Mimi mwenyewe nimelea watoto wangu kwa kazi hii. Mtoto wa miaka 8 akikwambia anachokipenda na wewe ukampa kingine, mwakani hatakwambia. Mnunulie farasi.

Mama wa Eldoret: Tuna shamba la ekari 2. Mume wangu anataka kumnunulia poni halisi. Unashauri nini?

Mama, kwanza mhesabu miaka. Poni, farasi wa kimo kifupi, aweza kuishi miaka 25 mpaka 30, kwa hiyo mtoto akienda chuo, mtunzaji ni wewe. Hula majani makavu kama asilimia 2 ya uzito wake kila siku. Poni wa kilo 300 ni kama kilo 6, kiangazi na masika. Kwato hupunguzwa kila wiki 6 hadi 8 na mtu anayeijua kazi. Na hawezi kukaa peke yake, farasi ni mnyama wa kundi. Nimeshuhudia mmoja aliyewekwa peke yake akizunguka ua mpaka akachimba njia. Mpeleke mtoto kujifunza mwaka mzima kwanza, kila wiki, mvua na jua. Akiwa bado anaamka mwenyewe, tutafute mtaalamu wa mifugo tuzungumze.

Dada wa Kampala: Sina pesa mwezi huu kabisa. Kuna kitu cha kutengeneza?

Dada, kipo, na watoto wa mwendo hukipenda kuliko cha dukani. Chukua soksi kubwa ya mtu mzima, ijaze matambara mpaka kisiginoni. Kisigino ndicho kisogo cha farasi, vidole ndiyo pua. Ingiza ufito laini wa urefu unaofika kifuani mwa mtoto, funga kwa kamba mara nyingi. Shona singa za uzi wa sufu kutoka paji la uso kushuka shingoni, macho ya kitambaa, hatamu ya utepe. Nchini Ufini watu hushindana kuruka viunzi na farasi wa fimbo, mashindano ya kitaifa kabisa, kwa hiyo usimpe kama kitu cha maskini.

Ukiwa na chaki tu, mchoree ukutani. Farasi hupimwa kwa viganja, kila kiganja inchi 4, kuanzia ardhini mpaka nundu ya mabega. Farasi wa viganja 15 ana sentimita 152. Chora mstari huo, mtoto asimame chini yake aone mnyama anayempenda alivyo mkubwa.

Bibi wa Lamu: Mjukuu wangu yuko Minneapolis, ana miaka 7, ana farasi wa plastiki ishirini. Nimtumie nini kutoka huku?

Shikamoo bibi. Usimtumie farasi wa ishirini na moja. Mshonee tandiko. Mwambie mama yake ampime farasi mmoja, kuanzia mabegani mpaka kiunoni, na kuzunguka tumbo. Chukua leso ya zamani iliyolainika, kata kwenye pindo ili ua la pindo liangukie ubavuni, weka kitambaa kizito ndani, shona kingo mara mbili na uweke utepe wa kufunga chini ya tumbo.

Kisha mrekodie sauti kwa simu, umfundishe maneno ambayo kule hatayasikia. Hatamu ndiyo ya kuongozea, lijamu ndicho chuma cha mdomoni. Farasi akienda mwendo wa kudundadunda, anakwenda matiti. Akitimua mbio zote, anakwenda shoti. Sema kila neno mara mbili, polepole, na mwisho mwombe akutajie majina ya wote ishirini.