Kupima kwa povu kazi ya umbo la kimeng'enya

Kiazi mviringo kibichi kina katalesi, kimeng'enya kinachovunja hidrojeni peroksidi kuwa maji na oksijeni, ya kutosha kuonyesha kwamba nguvu ya kimeng'enya imo katika umbo lake. Andaa hidrojeni peroksidi ya asilimia 3, sabuni ya maji ya vyombo, siki, neli tatu, na silinda tatu za kupimia za mililita 100. Kinga macho.

Kwaruza gramu 50 za kiazi, changanya na mililita 50 za maji baridi, chuja kwa kitambaa. Maji yakigeuka kahawia usihofu; hiyo ni kazi ya kimeng'enya kingine.

Tia mililita 5 za maji hayo ya kiazi katika kila moja ya neli tatu. Ya kwanza ongeza mililita 1 ya maji. Ya pili itumbukize dakika 5 katika maji yanayochemka, ongeza maji vilevile, kisha iache ipoe kabisa, maana joto lenyewe huvunja peroksidi na litakudanganya. Ya tatu ongeza mililita 1 ya siki.

Kila silinda itie mililita 5 za peroksidi na tone la sabuni. Mimina maji ya kiazi ya kila neli katika silinda yake, pima povu baada ya sekunde 60. Kiasi hicho cha peroksidi hutoa takriban mililita 50 za oksijeni, ndiyo maana silinda ndogo hufurika. Ya kwanza isipotoa povu, shuku peroksidi iliyokaa wazi au mwangani kabla ya kukilaumu kiazi.

Sasa itazame ya pili. Chuma chake chote kimo, na asidi amino zake zimo. Kilichopotea ni mkunjo, yaani namna minyororo ya protini ilivyojikunja kupata umbo lake. Katalesi nzima ina minyororo minne ya protini, na kila mmoja umeficha hemu, kiungo kisicho cha protini chenye atomu ya chuma, mwisho wa mfereji mwembamba. Peroksidi ikifika hapo, histidini, mojawapo ya asidi amino hizo, huhamisha protoni kutoka oksijeni moja hadi ya pili, kifungo kati yake hukatika, maji hutoka, chuma hubaki na oksijeni. Molekuli inayofuata huja kuiondoa, gesi ikatoka. Mfano wa kufuli na ufunguo, unaosema molekuli huingia tu katika kimeng'enya kinacholingana nayo kwa umbo, hauelezi hili: kutosheana peke yake hakukati kifungo. Mkunjo ukifumuka, histidini hukaa mbali na chuma, na kazi iliyokuwa ya mamilioni ya molekuli kwa sekunde hugeuka mwendo wa kobe.

Kwenye siki povu hupungua kwa sababu asidi hubebesha protoni asidi amino za kimeng'enya na kuvuruga mkunjo wake. Usijaribu kuifufua kwa bikaboneti ya soda. Povu litajaa, ila litakuwa la kaboni dioksidi.