Kabla Hujalipa Maelfu ya Dola kwa Lee-Enfield No. 4 (T)

Ukiniuliza kama ununue bunduki ya mdunguaji ya Vita Kuu ya Pili, swali langu la kwanza halihusu bunduki. Nitakuuliza uko huku Marekani kwa karatasi gani. Mwenye viza ya masomo au ya kazi ya muda, sheria ya shirikisho inamkataza hata kushika silaha, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji au aingie katika misamaha mingine michache. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa, lakini jimbo lake nalo lina yake. Jibu la jambo hili litafute kwa mwanasheria, si kwa muuza duka anayetaka uondoke na mzigo.

Bunduki iliyotimiza miaka 50 na kubaki katika umbo lake la asili huhesabiwa kuwa ya kumbukumbu. Mkusanyaji anaweza kuomba leseni ya aina ya 03, dola 30 kwa miaka 3, akaletewa moja kwa moja kutoka jimbo lingine. Sharti aandike kila anachonunua kwenye daftari, na asiigeuze leseni hiyo kuwa biashara. Walio Uingereza waanzie polisi, kwenye cheti. Na yule anayewaza kuifunga kwenye kontena la kwenda Tanga au Mombasa, naomba aache kabisa.

Sasa chuma. Mimi ni fundi wa mashine, nachonga vyuma kiwandani hapa Pennsylvania, kwa hiyo nitasema habari ya ile ninayoielewa: Lee-Enfield No. 4 Mk I (T), bunduki ya mdunguaji ya jeshi la Uingereza, ya risasi za .303. T ni ya telescope, yaani darubini.

Jeshi la Uingereza lilichagua No. 4 zilizolenga vizuri kuliko nyingine kwenye majaribio ya kiwandani. Kuanzia 1942 zikawa zinapelekwa kwa Holland & Holland wa London, mafundi wa bunduki za matajiri wawindaji, wakazifunga vikalio vya darubini, kipande cha mbao cha kuegemeza shavu, na darubini No. 32, ambayo kwanza ilikuwa imekusudiwa bunduki rashasha ya Bren. Zilitoka zaidi ya 20,000. Nyingi utakazokutana nazo zilianzia kiwanda cha BSA pale Shirley, Uingereza. Nyingine ni za Savage wa hapa hapa Marekani, na Wakanada wa Long Branch walijitengenezea za kwao.

Tatizo liko hapo. Bunduki ya msingi ni No. 4 kama zilivyo No. 4 nyingine. Breketi mpya za kuiga, zile zinazoshika darubini, zinauzwa, vikalio vinauzwa, hata kile kipande cha shavu. Mjanja mwenye lehemu na drili anaweza kuchukua No. 4 ya mamia ya dola akakuuzia (T) ya maelfu. Ndiyo maana mimi sitazami uzuri, nasoma namba.

Omba bunduki itolewe darubini, uiegemeze kwenye meza chini ya taa kali. Upande wa kushoto wa mwili wa bunduki tafuta herufi T. Kwenye zile za BSA, shingo ya chuma inayopokea kitako huwa pia na TR. Geuza, tazama chini ya shingo ya mbao: S51, alama ya Holland & Holland. Kisha juu ya shingo hiyo hiyo, mahali kidole gumba kinapolala, pawe na namba iliyogongwa kwenye mbao. Hiyo ni namba ya darubini. Breketi nayo iwe na namba ya bunduki. Namba ya boliti (kile chuma kinachosogezwa kufunga chemba ya risasi), nyuma ya mpini wake, ifanane na ya mwili.

Ukikuta namba ya darubini imechorwa mstari na nyingine kugongwa pembeni, usikimbie. Jeshi lilibadilisha darubini zilizoharibika, na fundi silaha wa jeshi alifuta ya zamani kwa mstari. Kinachonitia shaka ni mbao iliyopigwa msasa hadi namba ikabaki kivuli, au namba safi mno kwenye mbao iliyochakaa. Chukua lenzi ya kukuza, uchungulie ndani ya herufi T. Ikiwa sakafu ya herufi ina weusi na uchafu wa umri ule ule wa chuma kinachoizunguka, vizuri. Ikiwa inang'aa, au kingo zake zimeinua chuma na rangi imepasuka, mtu aliigonga juzi.

Vikalio vilifungwa kwa skrubu na kulehemiwa, kisha skrubu zikagongwa pembeni zisilegee. Pitisha ukucha kwenye maungio. Nimeona kimoja kilichobandikwa kwa gundi ya epoksi, kimepakwa rangi nyeusi juu kama kidonda kilichofunikwa kwa hina. Tazama na kilengeo cha nyuma: lile tundu kubwa la karibu linapaswa kuwa limeondolewa, maana lingegonga darubini. Likiwepo, uliza kwa nini.

Darubini itazame kwenye ukuta mweupe. Utaona mlingoti wenye ncha na waya mlalo. Ukungu, madoa kama nyuzi za buibui, au gundi ya lenzi iliyoachia pembeni, vyote vinapunguza bei, na mafundi wanaoweza kuifungua bila kuiharibu ni wachache. Zungusha ngoma zote mbili za kurekebishia shabaha, usikie zinavyogonga. Darubini ya toleo la Mk I hupanda kwa hatua za yadi 50. Mk III, ya mwishoni, hugonga dakika moja moja (kipimo cha pembe, si cha saa) na kurekebisha kwake ni rahisi zaidi. Kwa mpiga shabaha nachagua Mk III. Kwa mkusanyaji, ile inayolingana na namba kwenye mbao, hata kama ni mbovu kidogo.

Mtutu: tochi, na kitambaa cheupe. Risasi za zamani zilikuwa na viwashio vyenye chumvi iliyovuta unyevu, na asiyesafisha kwa maji aliacha kutu ndani. Giza kidogo linavumilika, vishimo karibu na mdomo wa mtutu hapana. Kichwa cha boliti kina namba 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kuliko kilichotangulia. Ukikuta 3, mpelekee fundi silaha apime nafasi kati ya boliti na kitako cha risasi kabla hujafyatua chochote.

Na hadithi? Muuzaji mmoja aliposikia lafudhi yangu alinihakikishia yake ilipigana Burma mikononi mwa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, na bei ikapanda papo hapo. Ni kweli Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944. Lakini bila karatasi yenye namba ya bunduki hiyo, simulizi kama hilo silipi hata senti.

Kuhusu pesa, fanya hivi: jiulize ungelipa kiasi gani kama darubini na breketi visingekuwepo, maana hivyo ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya bei. Namba zote zikilingana, lipa bei ya soko, usione aibu. Bunduki halisi yenye darubini ya namba nyingine, punguza kwa kiasi cha kuumiza. Kama T au S51 inakupa mashaka na muuzaji hataki uipige picha umuulize mwenzio, rudisha pochi mfukoni. Unayetaka tu kupiga shabaha, nunua No. 4 ya kawaida. Risasi mpya za .303 za Prvi Partizan wa Serbia zinatosha.

Ukiipata, boliti iweke mbali na bunduki, kila kimoja kwenye kasha lake la kufuli. Mbao ipake mafuta ya kitani kidogo kwa kiganja. Vanishi na msasa wape wanaotengeneza samani.