Mukikodi motokari Cape Town, bahari muiache ya kurudia

Ba ndugu ba Lubumbashi benye kwenda Cape Town, muangalie hii: kule banaendesha kushoto sawa Zambia, kwa hiyo ukishuka na R44, barabara ya kando ya bahari, kutoka Gordon's Bay bahari iko kuume kwako, na kila mara unataka kusimama ya kupiga picha unakata mbele ya motokari zenye kuja. Mufanye kinyume. Asubui mupite barabara kubwa N2, mupande mlima wa Sir Lowry's Pass mpaka Hermanus, muji wa kando ya bahari, ni kama kilometa 120, mule samaki, muangalie nyangumi kama ni kati ya mwezi wa 6 na wa 11, kisha divai ya bonde la Hemel-en-Aarde, pinot noir yao mi naipenda kushinda ya Stellenbosch, lakini mwenye kushika usukani anuse tu, polisi banapima pumzi. Kurudia ndiyo mupite Betty's Bay (iko pengwini) na Rooi-Els, pale mlima unabana lami kabisa, bahari inakuwa kushoto na nafasi za kusimama ziko upande wenu. Aa na permi yetu ya kuendesha iko Kifaransa, mutafute ya kimataifa mbele ya kupanda ndege.