Mambo ya kuweka tayari kabla ya kushika maswali ya kitu kilichorushwa

Wanafunzi wengi wa Math-Physique (tawi la hesabu na fizikia la sekondari) hapa Bukavu, wakifika kwenye sura ya vitu vinavyorushwa, wanakimbilia kukopa kaye ya mwenzao. Wananakili fomula tatu, ya kimo cha juu kabisa, ya muda na ya umbali, kisha wanazikariri mpaka usiku wa manane. Siku ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, linakuja swali la jiwe linalorushwa kutoka juu ya mteremko. Fomula ya umbali inatoa jibu la uongo, na jibu hilo la uongo limewekwa pale pale kati ya yale ya kuchagua. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu sura hii ni nyepesi kwa mtu aliyejiandaa. Wadogo zangu ambao hamjaigusa bado, haya ndiyo ya kutengeneza kwanza.

La kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote, ni MRU (mwendo mnyoofu wenye kasi ile ile) na MRUV (mwendo mnyoofu ambao kasi yake inabadilika kwa kiasi kile kile kila sekunde). Sura hii haina mwendo mpya hata mmoja. Kwa upande wa mlalo kitu kinakwenda MRU, kasi yake haiongezeki wala haipungui. Kwa upande wa wima kinakwenda MRUV, na mchapuko wake ni g, ule wa mvuto wa dunia, kuelekea chini, tangu kinapotoka mkononi mpaka kinapogusa ardhi. Pande hizo mbili hazijuani. Kinachoziunganisha ni muda peke yake: sekunde 2 za mlalo ndizo sekunde 2 za wima. Kwa hiyo kama swali la jiwe linaloachwa lidondoke bado linakusumbua, rudi kwanza huko, maana huku mbele utapata swali hilo hilo likiwa limeongezewa mwendo wa pembeni.

Usiniamini kwa maneno tu. Tafuta meza yenye kimo cha karibu sentimita 80 na vijiwe viwili vinavyolingana. Kimoja kisukume kwa kidole kiruke mbali, na cha pili kiachie kwenye ukingo wakati ule ule. Sikiliza sakafu: vinagonga pamoja. Ukiwa na telefone inayochukua picha 30 kwa sekunde, piga video kutoka ubavuni, kisha ipitishe pole pole, picha tatu tatu, ambazo ni sekunde 0,1. Tangu kuanza, kijiwe kitakuwa kimeshuka karibu sentimita 5, halafu 20, halafu 45, halafu 80. Toa moja kwa nyingine: 5, 15, 25, 35, yaani 1, 3, 5, 7 mara tano. Mpangilio huo wa namba witiri Galileo aliuchapisha mwaka 1638, na wewe unaupata kwenye meza ya nyumbani. Kwa mlalo, hatua za kijiwe kilichosukumwa zinabaki sawa. Mtu akishaona hivyo kwa macho yake, kukariri kunapungua sana.

Kisha pembetatu. Kasi ya kurushia, v, inatolewa pamoja na pembe, na kazi yako ni kuigawa: mlalo ni v mara kosinusi, wima ni v mara sinusi, ikiwa pembe imepimwa kuanzia mlalo. Soma vizuri, kuna maswali yanayopima pembe kuanzia wima, na hapo vinabadilishana nafasi. Kalkulatrisi nayo ipimwe kabla ya kuiamini. Andika sinusi ya 30. Ikikupa 0,5, iko kwenye digrii. Ikikupa -0,988, iko kwenye radiani, na kila utakachohesabu siku hiyo kitaharibika bila wewe kujua. Kumbuka pia kwamba yenyewe inaandika nukta mahali ambapo sisi kwenye kaye tunaandika mkato.

Kasi ikitolewa kwa kilometa kwa saa, gawa kwa 3,6. Uzito wa jiwe ukitajwa, uache, hapa hauhitajiki maadamu tunauacha upinzani wa hewa. Kwa g tumia namba ambayo swali limetoa, 9,8 au 10. Bukavu penyewe, karibu na ikweta na juu ya mita 1 400, ni takriban 9,78, tofauti ambayo haibadilishi jibu la darasani.

Sasa mchoro, ambao wengi wanauruka wakidai muda hautoshi. Chora ardhi, chora sehemu ya kurushia, weka sifuri yako, amua upande gani ni chanya, na usibadilishe mawazo katikati ya hesabu. Mji wetu unatulazimisha kuuheshimu mchoro. Kutoka mtaa wa Kadutu kushuka mpaka Ziwa Kivu, mahali tambarare ni pa kutafuta, na fomula ile ya umbali inafaa tu pale kitu kinapoangukia usawa ule ule kilikotoka.

Chukua jiwe lililorushwa kutoka kimo cha mita 15, kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, pembe digrii 30 kwenda juu, g ikiwa 10. Kasi ya wima ni 10, ya mlalo ni 17,3. Ukiweka sifuri chini, kimo ni 15 + 10t - 5t². Linapogusa chini kimo ni sifuri, kwa hiyo t² - 2t - 3 = 0, na t ni 3 au -1. Umbali ni 17,3 mara 3, karibu mita 52. Aliyekariri fomula atasema 34,6, na atakuwa amepoteza zaidi ya mita 17. Utaona basi kwamba mlinganyo wa daraja la pili ni lazima uwe mkononi kabla. Na ile -1 usiifute kwa haraka: ni sekunde ambayo jiwe lingekuwa limetoka chini, kama njia yake ingeanzia ardhini na kupita mkononi mwako. Inapendeza sana kuielewa.

Kuna sehemu moja ambayo hata wazuri wanateleza: juu kabisa. Pale kasi ya wima ni sifuri, lakini ya mlalo ipo nzima, na mchapuko bado ni g. Katika mfano wetu jiwe linafika juu baada ya sekunde 1, kwenye mita 20, likiwa bado linakwenda 17,3.

Ukianza mazoezi, shika kwanza yale ya kitu kinachorushwa kwa mlalo, halafu ya uwanja tambarare, halafu ya mlimani. Kila jibu lihakiki kwa njia nyingine. Kwa jiwe letu, kasi ya kugonga chini kwa mraba ni v² + 2 × g × kimo, ndiyo 20² + 2 × 10 × 15, yaani 700. Kwa sehemu zake ni 300 ya mlalo na 400 ya wima, ni 700 tena. Zisipolingana, rudi kwenye mchoro, anza na alama za chanya na hasi.