Somo: Kuyatunza magoti na nyonga zinazouma kwa muda mrefu

Somo hili linawahusu wale ambao goti au nyonga imewasumbua kwa miezi, si aliyeteguka jana akishuka kwenye matatu. Nitazungumzia zaidi maumivu yatokanayo na kulika kwa gegedu, ambayo ndiyo huwapata watu wengi kadiri umri unavyosonga.

Ningependa jambo moja lieleweke kabla ya hatua yoyote: kiungo cha namna hii hakitengemai kwa kupumzishwa muda wote. Gegedu inayofunika ncha za mifupa haina mishipa ya damu. Hupata lishe kutoka katika ute wa kiungo, nao ute huo huingia na kutoka kama maji katika sifongo, kadiri kiungo kinavyobanwa na kuachiliwa wakati wa mwendo. Mtu anayekaa kitini wiki nzima kwa kuogopa maumivu hupoteza pia nguvu za misuli ya paja inayolisaidia goti kubeba uzito, na siku anapoinuka hukuta maumivu yamezidi, akaamini kwamba kutembea ndiko kunakomdhuru.

Hatua ya kwanza: Fahamu unachougua

Maumivu ya gegedu iliyolika huja kiungo kinapotumika na hupungua kinapopumzishwa, na ukakamavu wa asubuhi, yaani kiungo kukaza, kwa kawaida hauzidi nusu saa. Iwapo vidole vya mikono yote miwili vimevimba na ukakamavu hudumu saa moja au zaidi, huenda ni baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Hiyo haisubiri, kwa kuwa dawa zake huzuia uharibifu ambao mazoezi pekee hayawezi kuuzuia. Kidole gumba cha mguu kinachovimba ghafla usiku na kuwa chekundu huashiria jongo, ugonjwa wa viungo uitwao pia gauti. Na kiungo kilichovimba kikawa cha moto, ukiwa pia na homa, kipeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili: Imarisha misuli ya paja

Kama mtu angeniambia ana nafasi ya kufanya jambo moja tu, ningemchagulia hili, ingawa ndilo ambalo watu hulipuuza wakikimbilia mafuta ya kuchua.

Chukua kiti kigumu, kiegemeze ukutani, kisha keti karibu na ukingo wake huku nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu barabara na miguu imeachana kwa upana wa mabega. Inuka bila kujisukuma kwa mikono, halafu rudi chini polepole ukihesabu hadi tatu, kwa sababu katika kushuka ndiko misuli hufanya kazi kubwa. Rudia mara 10, pumzika, kisha rudia tena. Asiyeweza kuinuka aweke mto kitini, maana kikao kikiinuliwa mzigo wa goti hupungua. Wiki zinavyopita atauondoa. Ukimaliza, baki umeketi, nyoosha goti moja hadi mguu ulale sambamba na sakafu, ushikilie kwa sekunde 5, kisha ubadilishe mguu. Fanya hivi siku mbili au tatu kwa wiki, ukiacha siku ya mapumziko katikati. Usitarajie mabadiliko wiki ya kwanza; misuli huhitaji takriban wiki 6 hadi 12 kuonyesha tofauti.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Kipimo kiko baadaye: yakizidi yale uliyoyazoea kwa zaidi ya saa mbili, au goti likiamka limevimba, safari ijayo punguza idadi. Nimesema punguza, sikusema acha.

Hatua ya tatu: Tembea kwa kipimo

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, nazo zinaweza kugawanywa dakika 10 kwa 10. Hapa Nairobi, anayeishi karibu na msitu wa Karura au bustani ya Arboretum ana njia za udongo na kivuli. Aliye Kayole au Umoja ashuke matatu kituo kimoja kabla ya kwake, mradi njia iwe salama. Mkongojo hushikwa kwa mkono ulio upande wa pili wa mguu unaouma, jambo ambalo wengi hulifanya kinyume. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu mgonjwa hutangulia kushuka.

Hatua ya nne: Badilisha namna ya kufanya kazi za nyumbani

Kufua ukiwa umeinama juu ya karai lililo chini, kupiga deki kwa kitambaa ukiwa umechuchumaa, kupika kwenye jiko lililo sakafuni: kazi hizi hulikunja goti hadi mwisho, tena kwa muda mrefu. Weka karai juu ya benchi, liinue jiko kwa matofali yaliyo imara, na utafute kideki chenye mpini mrefu. Mama mboga anayeshinda kwenye kigoda kifupi atafute kiti cha kimo cha kawaida na asimame kila baada ya nusu saa hivi.

Hatua ya tano: Uzito, kwa wale walio nao wa ziada

Kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua. Anza na vinywaji: soda ya nusu lita huwa na takriban gramu 50 za sukari. Ugali usiwe mlima. Nusu ya sahani iwe sukuma wiki, kabeji au mchicha.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

Mwanachama wa Kawangware: Mwalimu, nimeambiwa bamia na supu ya mifupa hurudisha ute magotini. Je, ni kweli?

Jibu: Hapana, mama. Mlenda wa bamia humeng'enywa tumboni kama chakula kingine, wala hausafiri ukiwa mlenda hadi gotini. Supu nayo ni chakula tu. Kula bamia kwa kuwa ni mboga nzuri, lakini usiache mazoezi kwa ajili yake.

Mwanachama wa Kasarani: Je, niache maharagwe? Kila mtu ananikataza.

Jibu: Huna sababu ya kuyaacha. Hata mwenye jongo hahitaji kuyaogopa; yeye apunguze bia, maini, figo na nyama nyekundu kwa wingi.

Mwanachama wa Buruburu: Hununua vidonge vya maumivu vya daiklofenaki dukani kila mwezi, nami nina shinikizo la damu. Je, kuna hatari?

Jibu: Ipo, mzee wangu, na tafadhali usilichukulie kijuujuu. Vidonge vya jamii hiyo, ikiwemo ibuprofeni, huweza kupandisha shinikizo, kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa vikitumiwa mfululizo. Mweleze daktari wako dawa zote unazotumia, na umwulize kuhusu jeli ya kupaka gotini, ambayo huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo zaidi. Ziepuke poda za kienyeji zisizo na maelezo ya kilichomo. Baadhi ya dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe.

Mwanachama wa Pumwani: Kusujudu kumekuwa kugumu. Je, nikilazimisha nitaliharibu goti?

Jibu: Kupiga magoti mara chache juu ya mkeka mnene hakutaliharibu, lakini hakuna haja ya kulazimisha, kwani dini imemruhusu mgonjwa kuswali akiwa ameketi.

Mwanachama wa Pipeline: Naishi ghorofa ya nne, na maji yakipotea hubeba mtungi wa lita 20. Kuhama siwezi. Nifanyeje? Tena mwezi wa saba baridi hunizidishia.

Jibu: Mtungi huo ni kilo 20, dada, na ngazi huuzidisha uzito huo gotini. Tumia mitungi miwili ya lita 5, mmoja kila mkono, na upande ngazi mara nyingi zaidi ukipumzika kila ghorofa. Ukiwa na uwezo, mlipe kijana akubebee siku ambazo goti limevimba. Siku hizo liwekee barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15. Kuhusu baridi ya Juni hadi Agosti, wengi husema maumivu huongezeka, lakini baridi yenyewe haili gegedu. Vaa suruali nzito, likande goti kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu asubuhi ikiwa limekakamaa bila kuvimba, na ufanye zoezi la kiti kabla ya kuushika mtungi wa kwanza.